Ushirikiano wa Watoto wa Chekechea Hauji kwa Amri

Wazazi wengi tunapotaka mtoto wa chekechea ashirikiane na wenzake, humwamuru: "Mpe mwenzako!" Mtoto hutoa huku amenuna, nasi tunaridhika. Kwa maoni yangu, hapo amejifunza kumtii mkubwa tu.

Umri nao una nafasi yake. Mwaka 1932 mtafiti wa Marekani, Mildred Parten, alieleza kwamba watoto wadogo huelekea kucheza peke yao au ubavuni mwa wenzao bila kuchanganyika, na kwamba mchezo wa kupanga pamoja na kugawana majukumu hushamiri baadaye. Basi wa miaka mitatu anayekumbatia kigari chake cha makopo si mchoyo wa kukemewa.

Kinachomsogeza mbele, naamini, ni kazi inayomhitaji mwenzake. Huku Mbeya, mahindi yakishakauka, waketishe watoto wawili wa miaka mitano wapukuchue kwenye beseni moja. Mkubwa awaanzishie kwa kung'oa mistari miwili mitatu, kwa sababu hapo ndipo vidole vidogo hushindwa. Mwanzoni kila mmoja atalivutia beseni kwake, punje zitamwagika na kelele zitaanza, lakini tusikimbilie kuamua ugomvi huo, maana ndani yake ndimo mara nyingi huzaliwa wazo kwamba mmoja ashike beseni na mwingine apukuchue, kisha wapokezane. Wakipigana tuingilie, ila hata hapo swali liwe "mtafanyaje ili nyote mpate?" badala ya "nani kaanza?"

Mtaala wa elimu ya awali wa mwaka 2016 uliweka kuhusiana miongoni mwa umahiri wa kujengwa kwa mtoto. Hata hivyo, baadhi ya vituo huwapanga watoto hawa kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho na kugawa zawadi siku ya mahafali (majoho madogo yanapendeza, sikatai). Mtoto aliyezoeshwa kwamba mwenzake akipanda yeye anashuka, atamsaidia kuhesabu vizibo kwa sababu gani? Mwalimu mwenye watoto wengi kupita kiasi simlaumu, lakini kugawa rundo moja la vizibo kwa watoto wawili hakuhitaji bajeti.

Katika kikao kijacho cha wazazi, kabla ya kuuliza mtoto ameshika namba ngapi, ningependa tumuulize mwalimu mtoto huyo anacheza na nani, na wakigombania kitu huachiwa muda gani wa kuelewana wenyewe.