Hubbard hatoshi sentensi moja

Makala nzuri kuhusu Abdullah Hammoud, meya wa Dearborn, Michigan, kule Marekani, ila mwandishi kamgusa Orville Hubbard, meya wa zamani wa jiji hilo, kwa sentensi moja tu, kama mtu anayepita makaburini usiku. Yule mzee alishika umeya Januari 1942 akautoa 1978. Miaka 36! Na kabla ya hapo alishagombea akabwagwa si mara moja.

Tuseme ukweli, waliompa kura walikuwa wanakula matunda yake. Theluji imeanguka usiku, asubuhi barabara ishasafishwa. Taka zilizolewa kwa wakati. Jiji lilinunua mpaka jengo la ghorofa kule Florida, wazee wa Dearborn wakaote jua wakati wa baridi (hapo kodi ya Ford, kampuni ya magari yenye makao pale pale, ilisaidia, tusijifanye hatujui). Lakini Mweusi akitaka kuhamia pale, hana lake, na Hubbard hakuficha msimamo huo. Kaulimbiu yake ya kuiweka Dearborn safi, kila mtu alijua haisemi taka peke yake, inasema pia Weusi wasiingie.

Sanamu yake ilisimamishwa 1989 nje ya ukumbi wa jiji, ikahamishwa 2015, ikaondolewa kabisa 2020. Mwaka uliofuata akachaguliwa Hammoud, mtoto wa wahamiaji wa Lebanon, Mwislamu wa kwanza kwenye kiti hicho. Nikipita Warren Avenue pale Dearborn, vibao vya Kiarabu duka hadi duka, huwa najiuliza mzee Hubbard angesema nini. Wenyeji ninaowajua wao wanachouliza ni mitaro tu, mvua ikinyesha maji yasiwaingilie chini ya nyumba.