Bwawa la kuogelea uani: Mombasa hesabu huanza na maji

Wenye nyumba wa Nyali, Bamburi, Shanzu na Likoni wanaotaka bwawa la kuogelea uani kwa fedha za kadiri hugawanyika katika rai mbili. Wapo wanaoshikilia kwamba bwawa ni la kuchimba na kujenga kwa zege, likadumu na kuiongezea nyumba thamani, na kwamba anayenunua lile la turubai lenye fremu, linalosimamishwa juu ya ardhi, anatupa pesa kwa kitu ambacho jua na chumvi ya pwani vitakimaliza baada ya misimu michache. Wengine hujibu kwamba familia ya kipato cha kati haina sababu ya kufunga akiba yake yote ndani ya shimo, ilhali watoto wanachotaka ni maji ya kuchezea tu. Kila upande una hoja ya kweli, lakini wote wawili huanza na bei ya chombo. Mimi naona kwamba Mombasa cha kuuliza kwanza ni maji yenyewe: yatatoka wapi, ni ya namna gani, na yatagharimu kiasi gani mwezi baada ya mwezi.

Ni haki pia kuuliza kama bwawa la nyumbani linahitajika kabisa katika mji uliozungukwa na bahari. Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta kule Bamburi, ambao wengi huuita Pirates, uko wazi kwa kila mtu, na kwa vijana wa kiume wenye nguvu hakuna bwawa litakalouzidi. Hata hivyo bahari ina saa zake. Maji yakitoka, hubaki miamba na vidimbwi vya kufika magotini, na siku za sikukuu ufuo hufurika watu. Zaidi ya hayo, wako wanawake na mabinti wengi wa mji huu ambao hawataogelea mbele ya halaiki, kwa sababu ya stara, na mara nyingi hukua bila kujifunza kuogelea ingawa bahari wanaiona kila siku. Kwao ua wenye ukuta mrefu si anasa, na hoja hii peke yake yanitosha kulichukulia suala la bwawa la nyumbani kwa uzito unaostahili.

Turudi kwenye maji. Maji ya mfereji ya Mombasa husafiri kutoka mbali: chemchemi za Mzima katika Tsavo Magharibi, visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki, chemchemi za Marere katika milima ya Shimba, na visima vya Tiwi. Kwa jumla hayatoshelezi mahitaji ya mji, ndiyo maana mitaa mingi huyapata kwa zamu na kila nyumba yenye uwezo ina tangi. Sasa chukua bwawa la kawaida la kujengwa, lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 4 na kina cha wastani cha mita 1.4. Hilo linabeba takriban lita 45,000, yaani malori manne na nusu ya lita 10,000, na hapo ni kulijaza tu. Bwawa la fremu la mviringo lenye kipenyo cha mita 3.6 na maji ya kina cha sentimita 90 hubeba kama lita 9,000, na lori moja linatosha.

Kisha yapo maji yanayopotea bila mtu kuyagusa. Wakati wa kaskazi, jua likiwa kali na upepo haukatiki, bwawa lililo wazi linaweza kushuka milimita 5 au 6 kwa siku kwa mvuke peke yake. Kwa eneo la mita za mraba 32, hiyo ni lita 160 hadi 190 kila siku, sawa na mitungi minane au tisa ya lita 20 ambayo jirani angeinunua kwa mkokoteni. Kwa mwezi ni kama nusu ya lori, nje ya yale yanayomwagika watoto wanaporuka na yale yanayotumika kusafisha chujio la mchanga. Kifuniko hupunguza upotevu huu kwa kiasi kikubwa, na kwa maoni yangu ni kosa kukihesabu kama nyongeza ya hiari. Bei yake iingizwe katika bajeti tangu mwanzo.

Wenye visima watasema kwamba hesabu hii haiwahusu. Ni kweli kwamba nyumba nyingi za kaskazini mwa kisiwa zina visima vilivyochimbwa katika mwamba wa matumbawe, na maji yake hayana bili. Lakini mara nyingi ni ya chumvi, na karibu na ufuo, kadiri unavyoyavuta kwa nguvu ndivyo bahari inavyosogea ndani ya kisima, chako na cha jirani. Chumvi hiyo haimdhuru muogeleaji. Inachokula ni chuma. Miguu ya fremu huanza kushika kutu pale rangi inapochubuka kwenye maungio, na pampu yenye sehemu za chuma haikawii kufa. Chokaa iliyomo katika maji yaliyopita kwenye matumbawe huacha ukoko mweupe kwenye kingo na ndani ya mabomba. Visima vilivyo karibu na vyoo vya shimo, ambavyo ni vingi Kisauni, hubeba pia virutubisho vinavyolisha mwani, hivyo maji hugeuka kijani upesi na klorini hutumika maradufu. Mwenye maji ya namna hii ana sababu ya kweli ya kuelekea kwenye bwawa la kujengwa, na hapa watetezi wa zege wana haki kuliko wanavyojua.

Hata hivyo zege la pwani lina masharti ambayo fundi wa bei nafuu huyapuuza. Mchanga wa baharini au maji ya chumvi yakitumika kukoroga zege, nondo zilizomo ndani huanza kuoza kabla bwawa halijazeeka. Dalili ya kwanza ni michirizi ya rangi ya kahawia inayochuruzika katikati ya vigae, kisha vigae vyenyewe huinuka na kubanduka, na kufikia hapo ukarabati hukaribia gharama ya kujenga upya. Ardhi nayo ina neno lake. Mwamba wa matumbawe ni mgumu kuchimba, lakini ni imara. Tatizo lake ni mapango madogo yaliyofichika, kwa sababu bwawa likipata ufa maji hupotelea humo pasipo hata doa la unyevu juu ya ardhi, na mwenye nyumba hugundua kwa bili tu. Upande wa Changamwe na Mikindani, penye udongo wa mfinyanzi unaovimba kwa mvua na kupasuka kwa jua, kuta zisizo na nondo za kutosha hupasuka pia. Na penye maji ya ardhini yaliyo karibu, kulimwaga bwawa lote wakati wa masika ni hatari, kwani maji ya chini yanaweza kulisukuma na kuliinua likiwa tupu.

Baina ya rai hizi mbili iko ya tatu isiyosemwa sana, nayo nadhani ndiyo inayowafaa wengi: birika la kujengwa, dogo, nusu ndani ya ardhi na nusu juu. Misikiti ya kale ya pwani ilikuwa na birika la kutawadhia kando ya kisima, na mabaki yake bado yanaonekana kwenye magofu ya Gede, kwa hiyo ujenzi wa chombo kidogo cha maji kwa mawe na chokaa si jambo geni kwetu. Birika la mita 4 kwa 2.5, lenye maji ya kina cha mita 1.2, hubeba lita 12,000. Uchimbaji wake ni wa sentimita 60 tu, na kuta zinaweza kujengwa kwa matofali ya simenti yenye nondo na zege ndani, zikapigwa lipu isiyopitisha maji na kupakwa rangi ya mabwawa badala ya vigae. Hutaogelea kwenda na kurudi humo, na huo ndio upungufu wake mkubwa, ingawa mtu mzima anaweza kujifunga kiunoni mkanda ulioshikizwa ukingoni na kuogelea pale pale bila kusonga mbele.

Gharama ya umeme huamua mengi pia. Pampu ndogo inayokula kama kilowati 0.75, ikiendeshwa saa 6 kwa siku, humaliza uniti 135 kwa mwezi. Kwa kuwa nyumba inayozidi uniti 100 kwa mwezi hulipishwa bei ya daraja la juu, tokeni za friji na taa nazo hupanda bei pamoja na za bwawa. Bwawa la fremu au birika huhitaji pampu ndogo zaidi na saa chache zaidi. Klorini ni nafuu ukiitia jioni, maana jua la mchana huivunja, na ukipima kila mara: miligramu 1 hadi 3 kwa lita, na pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, kati ya 7.2 na 7.8. Mti wa mkungu au mvinje unaotupa majani juu ya maji utakula klorini yote hiyo, basi mahali pa bwawa pachaguliwe mbali nao.

Wanaofikiria kuliweka bwawa la fremu juu ya paa la slebu, kama njia ya kukwepa ua finyu, wanahitaji kuonywa waziwazi. Maji ya kina cha sentimita 90 ni kilo 900 kwa kila mita ya mraba, wakati sakafu ya nyumba ya kawaida husanifiwa kubeba kilo 150 hadi 200 hivi. Jambo hili lisifanywe bila mhandisi.

Usalama wa watoto nao haufai kukatwa ili bajeti itoshe. Shirika la Afya Duniani linawataja watoto wa mwaka 1 hadi 4 kuwa miongoni mwa walio katika hatari kubwa zaidi ya kufa maji, na nyumba zetu huwa na wajukuu na watoto wa majirani wanaoingia bila hodi. Uzio wa pande zote nne wenye kimo cha angalau mita 1.2 na lango linalojifunga lenyewe uhesabiwe kabla ya pampu. Kwa bwawa la fremu, ngazi iondolewe kila baada ya kuogelea. Tena bwawa lililoachwa bila klorini huzalisha mbu, katika mji uliopata mlipuko wa dengi mwaka 2013 na chikungunya mwaka 2017 na 2018. Aedes, mbu anayeambukiza maradhi hayo, hutosheka na maji ya mvua yaliyotuama kwenye mikunjo ya kifuniko.

Kwa mpangaji, au kwa familia isiyo na hakika kama hamu ya watoto itadumu, ningeshauri fremu ndogo kwa kaskazi moja na masika moja, huku wakiandika kila lori la maji, kila tokeni na kila kopo la klorini. Mwenye nyumba yake anayeona mwishoni mwa kipindi hicho kwamba bwawa limetumika wiki baada ya wiki, na kwamba daftari lake halijamshtua, ajenge birika pale pale, na turubai la zamani, likiwa bado zima, alikate liwe kifuniko.