Timu ya kiwanda cha ndege, na yule mzungu wa benchi la Senegal

Juni 2007 nilikuwa CCM Kirumba, Mwanza, Taifa Stars na Senegal, kufuzu AFCON ya 2008. Mwezi Machi walishatuchapa 4-0 kwao Dakar kwa hiyo hakuna aliyekuja na matumaini ya maana, ila watu walijaa, mimi nilibanwa kati ya jamaa wawili wenye miili yao na muuza karanga aliyegoma kusogea, mpira ukaisha 1-1 tukatoka pale tunaimba kama tumebeba kombe. Kocha wa Senegal alikuwa mzungu anakaribia miaka 61. Sikumwangalia hata mara moja. Nani anaangalia kocha wa wenzake siku kama ile?

Miaka imepita ndo nikaja kujua yule mzee ni nani. Henryk Kasperczak, kiungo wa ile Poland iliyoshika nafasi ya tatu Kombe la Dunia 1974, na miaka yake mizuri ya mpira aliicheza kwenye timu ambayo hapa kwetu ukiitaja kijiweni watakuuliza ni ya daraja gani: Stal Mielec.

Mielec (itamke Mye-lets) ni mji wa watu kama 60,000 hivi, kusini mashariki mwa Poland. Sio Warszawa, sio Kraków. Kilichoufanya ujulikane ni kiwanda cha ndege, serikali ilikiweka pale mwishoni mwa miaka ya 30 kwenye mpango wa kupeleka viwanda maeneo ya ndani, na klabu ikaanzishwa 1939 na watu wa kiwanda hichohicho. Mwaka wenyewe sasa! Miezi michache tu vita ikaanza. Baada ya vita wakaja wakomunisti na mambo yao, michezo ikagawanywa kwa sekta, ukiona Poland timu inaitwa Stal, yaani chuma cha pua, ujue ilikuwa ya wafanyakazi wa vyuma na mashine. Ziko kadhaa, Stal Rzeszów, Stal Stalowa Wola, na hii ya Mielec ndo iliyofika mbali kuliko ndugu zake wote.

Na ndege zenyewe sio za kuchezea. An-2, ile ya mabawa mawili, ya Warusi, wameunda pale zaidi ya 11,000. Halafu kuna kituko kimoja nakipenda sana, M-15, ndege ya kunyunyizia dawa mashambani yenye mabawa mawili juu na chini kama ya babu zetu lakini ina injini ya jeti! Warusi ndo waliitaka hivyo kwa ajili ya mashamba yao makubwa. Ilikuwa na kelele mpaka ikapewa jina la shetani, Belphegor. Haikufika mbali, na ukiiangalia kwenye picha utaelewa kwa nini.

Sasa tuje kwenye mpira. Stal walichukua ubingwa wa Poland 1973, katikati hapo 1975 wakamaliza wa pili, 1976 wakachukua tena. Msimu wa 1975/76 walifika robo fainali ya Kombe la UEFA, wakaenda Hamburg wakatoka 1-1, kila mtu akajua kazi imeisha, halafu nyumbani wakafungwa 1-0 (hii inauma hata mimi ambaye sikuwa nimezaliwa). Msimu uliofuata wakapangiwa Real Madrid Kombe la Mabingwa, wakatolewa, lakini hebu fikiria Real Madrid inashuka kwenye mji mdogo wa kiwanda.

Halafu Wembley. Tarehe 17 Oktoba 1973, England lazima ishinde ndo iende Kombe la Dunia, Poland sare inawatosha. Kila mtu anamzungumzia kipa Tomaszewski, na ni kweli alizuia mpaka basi, ila mimi naomba tuliangalie bao. Norman Hunter, beki wa England, anapoteza mpira pembeni karibu kabisa na mstari, anayemnyang'anya ni Grzegorz Lato wa Stal Mielec, anakimbia nao, Waingereza wako nyuma wanahema, anapenyeza pasi kwa Jan Domarski, naye wa Stal Mielec, Domarski anapiga palepale bila kuutuliza, mpira unapita chini ya kipa wao Shilton. England wakasawazisha kwa penalti, 1-1, wakabaki nyumbani. Yaani walioifanya kazi ile ni vijana wawili wa timu moja ya kiwanda, wiki nzima wanafanya mazoezi pamoja, hiyo pasi hata gizani wangepigiana. Mwaka uliofuata Ujerumani Magharibi huyohuyo Lato akafunga mabao 7 akawa mfungaji bora wa Kombe la Dunia, la saba akiwafunga Brazil kwenye mechi ya kutafuta mshindi wa tatu.

Huwa nabishana na washkaji kuhusu hizi timu za taasisi. Wao wanasema hazina mashabiki, hazina roho, ni timu za bajeti, bosi akiamka vibaya timu imekufa. Mimi nasema inategemea taasisi ni nini kwenye huo mji. Pale Mielec kiwanda ndo kilikuwa mji wenyewe. Anayekaa jukwaani Jumapili ndo yuleyule anayegonga ribiti kwenye bawa la ndege Jumatatu, na mchezaji naye kwenye makaratasi alikuwa mfanyakazi wa kiwanda, maana kwenye nchi zile mpira wa kulipwa rasmi haukuwepo, mshahara unaandikiwa kazi nyingine kabisa. Ulikuwa uongo, kila mtu anajua ni uongo, ila uongo huo ulimfanya winga bora duniani awe mtu wa mtaa. Hiyo roho unayoitafuta unataka iweje tena?

Sisemi yote yalikuwa mazuri. Mfungaji bora wa Kombe la Dunia leo angeuzwa kabla mashindano hayajaisha. Lato alibaki Mielec mpaka 1980, akiwa na miaka 30, ndo akaruhusiwa kutoka, akaenda Lokeren ya Ubelgiji. Kasperczak alitangulia kwenda Metz ya Ufaransa 1978. Szarmach, straika mwingine wa moto aliyekuja Mielec 1976, naye akaishia Ufaransa, Auxerre. Miguu yao ilikuwa mali ya serikali mpaka serikali iliposema basi, na hilo wanaoililia ile enzi huwa hawaligusi.

Kilichoiua timu hakikuwa uwanjani. Mteja mkubwa wa kiwanda alikuwa Umoja wa Kisovieti, ulivyovunjika 1991 oda zikakauka, watu wakapunguzwa kazini kwa maelfu, sasa nani atalipa jezi wakati fundi hajalipwa? 1996 wakashuka daraja, 1997 klabu ikafunga duka. Bingwa mara mbili, aliyewapa Poland Lato, wakaanza upya madaraja ya chini kabisa kwenye viwanja vya majani marefu. Hapa ndo mimi na washkaji zangu tunakubaliana kidogo, kosa halikuwa kunyonya kwa kiwanda, kosa ni kwamba miaka yote ile kiwanda kimenona hakuna aliyekaa akajiuliza siku maziwa yakikauka itakuwaje. Sisi wa Mwanza hii hatuhitaji kuelezwa, tumeiona Pamba, jina lenyewe linakwambia ilitoka wapi, ilivyotamba enzi zile halafu ikapotea watoto wakakua hawajui kama iliwahi kuwepo, mpaka ilipopanda tena Ligi Kuu 2024 ikiitwa Pamba Jiji.

Stal nao walirudi. Daraja baada ya daraja, 2020 wakapanda Ligi Kuu ya Poland baada ya miaka 24. Mji ulikuwa umeshabadilika, 1995 walianzisha pale eneo maalum la uchumi, la kwanza Poland, viwanda vya kila aina vikaja, na kiwanda cha ndege kikanunuliwa na Wamarekani wa Sikorsky 2007, wanaunda helikopta za Black Hawk. Stal wakakaa ligi kuu misimu mitano, nyeupe na bluu yao, kila mwaka wanapona roho ikiwa mkononi. 2025 wakashuka tena.

Kasperczak yeye alishakuwa mtu wa Afrika muda mrefu kabla ya Kirumba. Ivory Coast nafasi ya tatu AFCON 1994, Tunisia fainali 1996 wakafungwa na Afrika Kusini, Morocco, Mali nusu fainali 2002 nyumbani kwao, halafu ndo hao Senegal. Senegal walifuzu kwenye kundi letu, wakaenda Ghana 2008, wakapigwa 3-1 na Angola, jamaa akajiuzulu mashindano yakiendelea. Kwa makocha wa kigeni waliopita bara hili wachache sana wana orodha kama hiyo, na bado jina lake hapa bongo halijulikani, wakati tunawajua kwa majina makocha walioishi Dar miezi mitatu.

Juzi nilimpigia jamaa yangu mmoja tuliyekuwa naye uwanjani siku ile, nikamuuliza unamkumbuka kocha wa Senegal. Akanyamaza kidogo.

"Mzungu?"

"Mzungu."

"Mi nilikuwa namwangalia kocha wetu Maximo tu kaka. Kwani alikuwa nani?"

Nikaanza kumweleza, nikianzia kwenye ile ndege ya jeti yenye mabawa mawili, vocha ikaisha kabla sijafika Wembley.