Mbona mkaja hauitwi majivuno

Mwanamke wa pwani akijifungua, tumbo lake linakuwa kazi ya nyumba nzima. Anakandwa kwa maji ya moto, anafungwa mkaja kutoka kinenani hadi chini ya mbavu, na kitambaa kinakazwa upya kila kinapolegea mpaka arobaini ipite. Binti aliyezaliwa siku ile akija kuposwa, mama anatolewa fungu lake, nalo linaitwa mkaja vilevile, shukrani kwa tumbo lililobeba. Sijawahi kusikia mzazi akiambiwa ana majivuno kwa kufunga mkaja.

Sasa mwanamke huyo amezaa mara tatu. Mkaja umefanya ulichoweza, ngozi ya chini ya kitovu inalalia kinena, na kila akivaa gauni lisilo dera anaulizwa, "Kumbe umenasa tena?" Anakwenda kwa daktari bingwa wa upasuaji rekebishi kuuliza kama tumbo linaweza kukazwa. Habari ikivuja, anaitwa mpenda sifa, anashindana na mabinti, hamshukuru Mungu kwa watoto aliopewa. Hospitali ya Taifa Muhimbili kule Mloganzila ilipotangaza huduma za aina hii mwaka 2023, gumzo lote lilikwenda kwenye makalio na matiti, na mama wa tumbo akatiwa kapu moja na kila mtu.

Kuna takwimu moja ambayo ingetosha kubadilisha mazungumzo hayo. Watafiti wa Norwei waliwafuatilia wanawake 300 waliozaa kwa mara ya kwanza, na mwaka 2016 wakachapisha walichokiona. Wiki 6 baada ya kujifungua, wanawake 60 kati ya kila 100 walikuwa na misuli ya tumbo iliyoachana katikati. Baada ya miezi 6 walibaki 45. Mwaka mzima ulipotimia, walikuwa bado 33. Theluthi nzima, na hao wamezaa mara moja tu. Takwimu za afya za mwaka 2022 zinaonyesha mwanamke wa Tanzania anazaa kwa wastani watoto 4.8, wa Kenya 3.4. Hatuwezi kuchukua 33 tukazidisha kwa 4.8, mwili hauendi kwa hesabu hiyo. Lakini utando unaounganisha misuli ya kulia na ya kushoto ni uleule mmoja, na kila mimba inauvuta upya, mara nyingi kabla haujapata nafasi ya kukaza kutoka mimba iliyotangulia.

Kuujua mwachano huo hakuhitaji mashine. Mwanamke analala chali, magoti yamekunjwa, anainua kichwa na mabega kidogo kana kwamba anataka kuangalia vidole vya miguu. Vidole vya mkono vikilazwa juu ya kitovu, kwa wengi vinakutana na ukingo mgumu pande zote mbili. Vidole viwili au zaidi vikizama katikati, misuli imeachana, na ikiwa imeachana sana, katikati ya tumbo panainuka kama tuta refu. Mazoezi ya kuvuta tumbo ndani, yakisimamiwa na mtaalamu wa viungo kwa miezi 6 hivi, yanawasaidia wengi kupata nguvu na kupunguza upana huo. Ngozi ni jambo jingine. Nyuzi za ndani zikishakatika, hakuna zoezi, mafuta wala mkaja wa kuzirudisha.

Ila utafiti huohuo una jambo ambalo watetezi wa upasuaji hupenda kulipita: wanawake wenye mwachano hawakuumwa mgongo kuliko wasio nao. Hapo ndipo penye kiini cha suala hili. Mwanamke wetu akiulizwa kwa nini anataka kupasuliwa, jibu linalokubalika ni mgongo. Akisema mgongo unauma, anaonewa huruma. Akisema "silipendi tumbo langu, nataka libadilike," anahukumiwa. Basi anajifunza kutafuta ugonjwa wa kujikingia, na uongo huo anaingia nao hadi chumba cha daktari.

Chukua mwenye ngiri ndogo ya kitovu, tatizo la kawaida kwa waliozaa mara nyingi. Anashika ngiri kama kisingizio, hasemi neno kuhusu ngozi. Daktari anafanya alichoombwa: mkato mdogo kando ya kitovu, ngiri inashonwa, basi. Ngozi inabaki palepale. Miaka miwili baadaye anapata ujasiri wa kusema alichotaka tangu mwanzo, na sasa kazi imekuwa ngumu zaidi. Katika upasuaji wa kukaza tumbo kitovu kinakatwa kuzunguka na kuachwa kwenye kikonyo chake, na kikonyo hicho ndicho kinachokilisha damu. Kama kilishaguswa wakati wa kushona ngiri, kitovu kinaweza kukosa damu, kikageuka cheusi na kufa. Angesema ukweli mara ya kwanza, daktari angezipanga kazi mbili pamoja au angemweleza hatari mapema.

Inafaa kueleza upasuaji wenyewe, kwa kuwa wanaoukejeli na baadhi ya wanaoutaka wanaufikiria kama kupunguza unene. Ngozi na mafuta vinavyoondolewa kwa kawaida ni kama kilo moja au mbili. Anayefaa ni mwenye uzito uliotulia kwa miezi 6 hivi, aliyeacha kunyonyesha miezi kadhaa iliyopita, asiyetarajia kuzaa tena, kwa sababu mimba nyingine itaachanisha kilichoshonwa. Anachomwa nusu kaputi. Mkato unatoka nyonga hadi nyonga, chini kabisa, mahali chupi inapofunika. Ngozi inainuliwa kutoka kwenye misuli hadi karibu na mbavu, kisha misuli ya pande mbili inavutwa na kushonwa katikati kwa uzi mzito, kutoka chini ya kidari hadi kinenani. Ngozi inashushwa, inayozidi inakatwa, na tundu jipya linatobolewa kwa ajili ya kitovu. Kazi inachukua saa 2 hadi 4. Mgonjwa anatoka na mirija miwili ya kutolea maji, na kila mrija unaachwa mpaka maji yake yashuke chini ya mililita 30 kwa siku. Ukitolewa mapema, maji yanakusanyika chini ya ngozi na kulazimika kuvutwa kwa sindano, tena na tena.

Kinachoharibika kina sababu zinazojulikana. Ngozi ikishainuliwa inategemea damu inayotoka ubavuni tu. Sigara na shisha zinabana mishipa hiyo midogo, na ndiyo sababu mvutaji anatakiwa kuacha wiki 4 kabla na wiki 4 baada. Kovu la zamani la upasuaji wa nyongo chini ya mbavu linakata njia hiyo ya damu, na daktari makini akiliona anabadilisha mpango au anakataa. Kwa ngozi zetu kuna keloidi pia, kovu linalokua kupita jeraha lenyewe. Kabla ya kuahidi mshono mwembamba, yapo mambo ya kuangalia kwa macho: kovu la chanjo begani, matundu ya masikio, kovu la kujifungua kwa upasuaji kama lipo. Hayo yakiwa yamevimba na kupita mipaka yake, kovu la nyonga hadi nyonga linaweza kufanya hivyohivyo, na mwenye mwili anapaswa kulijua kabla hajasaini. Kipimo cha selimundu na wingi wa damu kisirukwe. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni vinasimamishwa wiki 4 kabla, kwa kuwa vinaongeza uwezekano wa damu kuganda.

Upande wa pili una hoja nzito, na si zote zinatokana na wivu wa majirani. Wapo watu ambao kisu hakitawatuliza. Takribani watu 2 kati ya 100 wana ugonjwa wa akili wa kuona kasoro mwilini ambayo wengine hawaioni au wanaiona ndogo sana, na katika vyumba vya upasuaji wa urembo wanapatikana kwa wingi zaidi. Anayeonyesha picha ya mtu mwingine kwenye simu na kusema "nifanye hivi", aliyekwisha kupasuliwa mara mbili na bado analaumu, huyo anahitaji daktari mwingine kabisa. Tena upasuaji haulingani kwa hatari. Wa kuhamishia mafuta kwenye makalio ulikadiriwa mwaka 2017 kuua mtu 1 kati ya takribani 3,000, kwa sababu mafuta yaliyochomwa ndani ya msuli yaliingia kwenye mishipa mikubwa na kwenda hadi kwenye mapafu. Na Oktoba 2024, Nairobi, mwanamke alifariki baada ya upasuaji wa urembo katika kliniki binafsi, na wasimamizi wa taaluma wakaifunga. Mtu mwenye hofu baada ya kusoma hayo hana kosa.

Iko pia hoja ya madaktari. Mabingwa wa upasuaji rekebishi katika nchi zetu ni wachache, na mikono inayokaza tumbo ndiyo inayotibu watoto walioungua kwa mafuta ya moto na waliozaliwa na mdomo sungura. Hii inaniuma kuliko zote, na jibu langu ni la nusu: zamu za aliyeungua zilindwe kwanza, na huduma ya kulipia isimpokonye meza. Ila hilo ni suala la kupanga ratiba za hospitali. Halimfanyi mama wa watoto watatu kuwa mwenye dhambi.

Dhambi, naam, ndilo neno linalosikika zaidi pwani. Anayetaka kukataza anataja hadithi ya Mtume inayowalaani wanawake wanaochonga mwanya kwa ajili ya uzuri, anayetaka kuruhusu anataja Arfaja, sahaba aliyekatwa pua vitani na kuruhusiwa na Mtume kutumia pua ya dhahabu. Baraza la fikihi, yaani sheria za dini, la nchi za Kiislamu, lilipokutana Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, lilitenganisha mambo mawili: kurekebisha kasoro inayoleta madhara ya mwili au ya nafsi kumeruhusiwa, kubadilisha umbo la kawaida kwa kufuata matamanio hakukuruhusiwa. Swali linabaki tumbo la mzazi liko upande gani. Mimi naliona karibu na Arfaja. Lilikuwa hivi, uzazi ukalibadilisha, mwenyewe anataka kulirudisha. Anayeona vinginevyo ana haki ya kusema, ilimradi amwache mwenye tumbo aseme sababu yake ilivyo.

Kwa sababu anayeficha hupata madhara ya wazi kabisa. Kati ya upasuaji wa urembo unaofanywa sana, huu wa tumbo ni miongoni mwa unaoongoza kwa kugandisha damu miguuni: kushona misuli kunaongeza mgandamizo ndani ya tumbo, na siku za mwanzo mgonjwa anatembea ameinama, damu inapanda polepole. Kinga ni kumnyanyua atembee jioni ileile, sindano za kuzuia damu kuganda kwa walio hatarini, na mtu wa kumwangalia nyumbani. Aliyeaga kwamba anasafiri kikazi wiki moja hana mtu huyo. Wengine wanakwenda Istanbul au India, wanapanda ndege siku chache tu baada ya kushonwa na kukaa saa nyingi bila kunyoosha miguu. Wakifika nyumbani wanatakiwa wasinyanyue zaidi ya kilo 5 kwa wiki 6 na wavae mkanda wa kubana kwa muda huohuo. Lakini nyumbani hakuna anayejua, kwa hiyo ndoo ya lita 20 inamsubiri, na mtoto wa miaka miwili anataka kubebwa mgongoni. Mshono wa misuli unaachia hapo.

Siku ya kumi hivi mguu mmoja unavimba na kuuma nyuma ya goti. Anamwambia dada yake ameteguka. Dada anachua kwa mafuta ya moto, usiku pumzi inaanza kukatika, wanakimbilia hospitali. Daktari wa zamu anauliza kama mgonjwa amefanyiwa upasuaji wowote hivi karibuni. Mgonjwa hana pumzi ya kujibu, na dada anajibu kwa anachokijua, kwamba hapana.