Salamu tu, halafu tuendelee kwa Kiingereza

"Karibu sana. Tusalimie kwa lugha yako, halafu uendelee kwa Kiingereza."

Maneno hayo aliambiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, jukwaani, kwenye tamasha la Siku ya Kimataifa ya Lugha Mama chuoni kwetu. Mkononi alishika karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa ameandika shairi kwa lugha ya kwao. Akaitazama ile karatasi, akamtazama mshereheshaji, akatoa salamu ya maneno mawili. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Kisha akaeleza, kwa Kiingereza cha kubabaika, nchi yake iko wapi na mji wake mkuu unaitwaje. Akashuka. Karatasi haikukunjuliwa.

Niliondoka kabla ya ngoma ya mwisho, na hadi leo sijatulia.

Jamani, hii siku tunaijua ilikotoka? Tarehe 21 Februari 1952, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dhaka, mji ulioko Bangladesh ya leo, waliingia barabarani kudai Kibengali kitambuliwe kuwa lugha ya taifa katika Pakistan ya wakati ule. Polisi wakawafyatulia risasi, baadhi yao wakafa. Mwaka 1956 katiba ikakitambua Kibengali pamoja na Kiurdu. UNESCO ilipoitangaza siku hii mwaka 1999, iliichagua tarehe ya vifo vile. Maana yake siku hii ilizaliwa chuoni, na miongoni mwa walioilipia walikuwemo wanafunzi, watu wa rika lile lile la kijana wetu mwenye karatasi. Sisi tunaiadhimisha kwa kumwambia mwanafunzi afupishe.

Najua nitakachojibiwa: wasikilizaji wasingeelewa. Sawa, wasingeelewa. Lakini dakika tatu za kutoelewa zinamdhuru nani? Lugha usiyoijua ukiisikiliza kwa utulivu, unasikia mengi. Unasikia sauti inapopanda, pumzi inapokatwa, vina vinavyorudi, neno moja linalojirudia mpaka unatamani kuuliza lina maana gani. Hapo ndipo hamu ya kujifunza lugha inapoanzia. Na kama maana ndiyo iliyokuwa kikwazo, projekta ilikuwepo. Skrini kubwa nyuma ya jukwaa ilionyesha majina ya wafadhili kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi mwisho. Tafsiri ya beti nne ingeshindwa kukaa pale?

Kwa wanafunzi waliotoka mbali jambo hili linauma zaidi. Wiki nzima wanaishi ndani ya lugha ya wengine: mihadhara, maktaba, zahanati, fomu za ofisi ya usajili, hata ugomvi wa chumbani. Mtu aliyekuwa mcheshi kwao anageuka mkimya darasani, nasi tunadhani hana la kusema, kumbe kila utani unaomjia kichwani, akimaliza kuutafsiri, mazungumzo yameshahama. Usiku mmoja kwa mwaka tunamwita aje na lugha yake. Anafika, tunaipiga picha bendera yake, tunalisifia vazi lake, na ile lugha tuliyomwitia tunaipa maneno mawili.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba matangazo yanahitaji lugha moja inayoeleweka na wengi. Nakubali pia kwamba bila ngoma na chakula ukumbi ungejaa nusu. Kamati ya maandalizi ni wanafunzi wenzetu waliobeba viti tangu asubuhi, siwasemi kwa ubaya. Mashindano ya mavazi nayo yaendelee, ila yasimeze saa nzima.

Ninachodai ni kipaza sauti. Tena kwa sisi watumiaji wa Kiswahili hakuna kisingizio. UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, tukashangilia kama tumetwaa kombe. Tulifurahi kwa sababu dunia ilikubali kutusikiliza. Furaha hiyo hatuwezi kuidai kwa lugha yetu kisha tukamnyima mwenzetu, eti kwa kuwa lugha yake ina wasemaji wachache. Mwenye wasemaji wachache ndiye mwenye nafasi chache za kusikika, na kwa maoni yangu ndiye angepanda jukwaani wa kwanza.

Siku mbili baadaye nilimkuta yule kijana kwenye korido ya jengo la mihadhara. Nikamwomba anisomee. Alisita, akaitoa karatasi kwenye daftari la takwimu, imeshachakaa mikunjoni. Alisoma kwa sauti ya chini, na kufikia ubeti wa pili sauti ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtu nisiyemfahamu, mtu asiyebabaika hata kidogo. Kuna neno lilirudi mwishoni mwa kila ubeti. Nilipomuuliza, akasema ni jina analoitwa na bibi yake, na kwamba tangu afike hapa hakuna aliyemwita hivyo.

Watu watatu waliokuwa wakisubiri kipindi walikuwa wameacha simu zao wakisikiliza.

Jana nimemwandikia mwenyekiti wa kamati kuhusu tamasha lijalo. Nimeomba dakika saba, mashairi mawili, na skrini kwa ajili ya tafsiri. Bado hajajibu. Wiki ijayo nitakwenda ofisini kwao mwenyewe.