Somo lisilokula bando

Shule zilipofungwa mwaka 2020, binti yangu alikuwa nasi hapa Leeds, na mpwa wangu alikuwa darasa la sita kule Sengerema, mkoani Mwanza. Aprili ya mwaka huo, walimu wa hapa Uingereza walianzisha Oak National Academy: video za masomo kwa kila darasa, na mazoezi yake, bure. Shule zilipofungwa tena Januari 2021, kampuni kubwa za simu ziliacha kukata bando kwa anayefungua masomo hayo. Hata huku wako watoto waliokuwa hawana kifaa. Serikali ikawagawia kompyuta mpakato.

Sengerema nyumba nzima ilikuwa na simu moja, nayo inashinda mwaloni, wanakoshushia samaki, na shemeji. Jioni ikirudi, chaji imekwisha. Nilimtumia dada hela ya bando, mtoto akapakua kitabu kimoja, cha pili kikagoma katikati. "Mjomba, kinazunguka tu," aliniambia. Maneno hayo yaliniuma sana.

Simaanishi kwamba nyumbani hakuna kitu. Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao, na vitabu vya kiada vimo. Lakini mtoto aliyekwama kujumlisha sehemu zenye asili tofauti hasaidiwi na ukurasa ule ule uliomkwamisha darasani. Anataka kumsikia mwalimu akitafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika) hatua kwa hatua, amrudishe nyuma mara tatu bila kuona aibu. Na akifika kidato cha kwanza, baiolojia inamgeukia kuwa Kiingereza. Hapo sauti ya mtu anayemfafanulia kwa Kiswahili kwanza ina thamani kuliko kitabu.

Kwa hiyo, tukijenga jukwaa la taifa la masomo ya mtandaoni, tuanze na bando. Serikali ikubaliane na kampuni za simu masomo yasikatwe hata senti. Kisha kila shule ya kata iwe na nakala ya video zote, mzazi apeleke memori kadi, ajaziwe, arudi nayo nyumbani. Mtandao ukipotea wiki nzima, somo lipo.

Miezi ile mitatu mpwa wangu aliokolewa na mwalimu wake wa hisabati. Alikuwa akimwandikia maswali kwenye daftari, dada analichukua Jumamosi sokoni, wiki inayofuata linarudi limesahihishwa kwa kalamu nyekundu. Huyo ndiye ningetaka kamera imfuate kwanza.