Vibao vya Göttingen na Nyumba Zetu za Tanga

Juzi nilipanda treni kutoka Kassel, ninakofanya kazi, kwenda kuutembelea mji wa Göttingen, na kilichonisimamisha njiani hakikuwa kanisa wala jumba la chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1737, bali ukuta wa nyumba ya kawaida ulioegeshewa baiskeli za wanafunzi. Juu ya baiskeli hizo palikuwa na kibao cha jiwe jeupe chenye jina la mwanazuoni aliyewahi kukaa humo na miaka yake. Hatua chache mbele nikakuta kingine, kisha kingine tena. Mji huu ulianza kubandika vibao hivyo mwaka 1874, na leo vimezidi 300. Wanaokumbukwa ni maprofesa, washairi, hata wanafunzi, na wengine walikuwa wapangaji tu.

Nilifurahi, halafu nikakasirika, na hasira yenyewe ilihusu nyumbani. Mimi ni mtu wa Tanga. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, jirani na mji wetu, mwaka 1909, akafia Tanga mwaka 1962, na hakuna anayeandika Kiswahili leo asiye na deni kwake. Tulikariri beti zake kwa ajili ya mtihani. Je, ni wangapi wetu tuliowahi kupelekwa na mwalimu mbele ya mlango mmoja tukaambiwa kwamba hapa ndipo alipoishi na kuandika? Mimi sikupelekwa.

Najua nitaambiwa kwamba nimelewa Uzungu na nimesahau nilikotoka. Mwingine atasema wagonjwa wanalala wawili kitanda kimoja, bumu, yaani pesa za mkopo wa wanafunzi wa vyuo, limechelewa, nami naleta habari za vibao. Ndugu yangu, hayo nayajua kama uyajuavyo wewe, na mdogo wangu ni miongoni mwa wanaolisubiri hilo bumu. Lakini kila uchaguzi fedha za mabango hupatikana, na mabango hayo huzidi ukubwa wa nyumba tunazopanga. Jiwe lenye upana wa sinia halitakuwa ndilo lililomaliza dawa hospitalini.

Mtanikumbusha pia nyumba ya Mwalimu Nyerere pale Magomeni, Dar es Salaam. Ni kweli imehifadhiwa, nami najivunia, kama ninavyojivunia kwamba Dar es Salaam ina Mtaa wa Shaaban Robert. Hata hivyo Mwalimu alikuwa Rais, na mimi ninawasemea wale ambao hawakuwa na dola. Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, alifundisha Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika miaka ambayo vijana kutoka nchi nyingi za Afrika walikuja kusoma hapo, Yoweri Museveni akiwa mmoja wao, na fikra za ukombozi zilijadiliwa pale kwa ukali ambao vyuo vingi vya Ulaya vingeuonea wivu. Nani kati yetu anaweza kumwonyesha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza nyumba aliyokaa Rodney?

Wala siwaabudu Wajerumani. Robert Koch, aliyehitimu udaktari Göttingen mwaka 1866, ndiye aliyekwenda visiwa vya Sese katika Ziwa Viktoria miaka 40 baadaye, akawadunga wagonjwa wa malale dawa ya atoksili, na baadhi yao wakapofuka. Emmy Noether, mwanahisabati ambaye awali mihadhara yake ilitangazwa kwa jina la mwenzake David Hilbert kwa sababu tu alikuwa mwanamke, alifukuzwa katika chuo hichohicho mwaka 1933 kwa kuwa ni Myahudi. Jina na miaka haviyasemi hayo yote. Lakini anayelikuta jina ukutani ana pa kuanzia kuuliza, hata kulaumu, na hilo ndilo ninalolitaka kwetu.

Nyumba za zamani za Ngamiani, pale Tanga, zinauzwa, na mnunuzi hubomoa ili apandishe ghorofa. Wazee wanaokumbuka nani alipanga chumba gani wanazidi kupungua, na hakuna anayewahoji kwa niaba ya mji. Kwa hiyo anayeniambia nisubiri mpaka nchi itajirike kwanza, anieleze siku hiyo ikifika kibao tutakibandika kwenye ukuta upi.